Hendigadi iliyogoma kutoka: skrubu moja, gundi isiyoonekana na siku tatu za kazi

Usuli

Bunduki hii ililetwa kwangu kwa malalamiko mengine kabisa. Mwenyewe, mlenga shabaha mwenye leseni, alisema haijikoki tena sawasawa. Anafyatua, ganda linakwama mlangoni nusu ndani nusu nje, naye inambidi avute mkono wa kukokea kila baada ya risasi mbili tatu. (Maelezo yote yanayoweza kumtambulisha yeye au bunduki yake nimeyaondoa.) Kwenye bunduki za mtindo wa AR-15, dalili hiyo mara nyingi inamaanisha kwamba gesi inayochotwa kwenye mtutu haifiki nyuma kwa kiasi cha kutosha kusukuma kibebeo cha bolti, kile kipande kinachorudi nyuma kutoa ganda na kupakia risasi mpya. Kitu cha kwanza kushukiwa ni bloku ya gesi, kile kipande cha chuma kilichobanwa juu ya mtutu. Ikisogea hata milimita moja, tundu lake halilingani tena na tundu la mtutu na gesi inavujia pembeni.

Ili kuifikia bloku hiyo, hendigadi lazima itoke kwanza. Na hendigadi ilikuwa imegoma.

Hendigadi ni ile ala ndefu inayouzunguka mtutu, mahali pa kushika kwa mkono wa mbele. Zile za zamani zilikuwa vipande viwili vilivyoshikwa nyuma na pete yenye springi na mbele na kikombe kilichokaa kwenye mtutu wenyewe, na ulizitoa kwa mikono mitupu. Hii yetu ilikuwa ya aina isiyogusa mtutu popote: bomba moja la alumini lenye urefu wa milimita 381, limeshikwa upande wa nyuma tu. Faida yake ni kwamba ukiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, uzito haukandamizi mtutu, na mahali risasi inapopiga hapahami. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mzigo wote unabebwa na sentimita chache za mshiko huko nyuma, mahali ambapo jicho halifiki.

Mshiko wenyewe uko hivi. Mpangilio aliouasisi Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950 unaunganisha risiva ya alumini (kiwiliwili cha bunduki, ambamo bolti inatembea) na mtutu wa chuma kwa nati moja inayofungwa kwenye hesi za risiva. Risiva ya bunduki hii ni alumini ya daraja la 7075-T6, nati ni ya chuma, na hendigadi ya alumini imevishwa juu ya nati. Kwa hiyo ukitoka ndani kwenda nje unakutana na alumini, kisha chuma, kisha alumini tena. Naomba msomaji aushike mpangilio huo akilini, maana ndio ulioamua karibu kila kitu kilichofuata.

Chini ya hendigadi, kwenye ncha ya nyuma, pana mpasuo wenye masikio mawili. Skrubu mbili zinayavuta masikio hayo yakaribiane ili hendigadi iikumbatie nati; sehemu hiyo yote ndiyo nitakayoiita bano. Tena kila skrubu inapita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye mgongo wa nati, hivyo inafanya pia kazi ya pini inayozuia hendigadi isichomoke kwenda mbele. Ukiilegeza bila kuitoa kabisa, hendigadi haitoki.

Bunduki ilivyofika

Mwenyewe aliinunua ikiwa imeshatumika na hakujua nani aliifunga hendigadi. Msimu mmoja ilinyeshewa na mvua, kisha ikalazwa kwenye kasha lenye sponji. Sponji inaweka unyevu kwa muda mrefu sana, na silaha iliyolowa haifai kulazwa humo hata usiku mmoja.

"Fundi, nimejaribu kila kitu isipokuwa moto," aliniambia.

Nilimshukuru kwa kuacha moto, kisha nikamwomba anisimulie yote bila kuficha. Skrubu ya mbele aliitoa vizuri. Ya nyuma iliharibika kichwa, kwa sababu tundu lake lilikuwa la inchi 9/64, yaani milimita 3.57, naye alitumia spana ya L ya milimita 3.5. Tofauti ni milimita 0.07 tu, lakini inatosha kabisa kula pembe za tundu na kuligeuza duara. Baada ya hapo aliipiga hendigadi kwa nyundo ya mpira. Mwisho, rafiki yake alishika kitako kwa nguvu naye akainyonga hendigadi kwa mikono miwili, kushoto na kulia, mara nyingi.

Hilo la mwisho lilinitia wasiwasi kuliko yote, na sababu itaonekana.

Siku ya kwanza: kutafuta kinachoshika

Magazini ilitolewa, bolti ikavutwa nyuma, chemba nikaiangalia kwa tochi na kuigusa kwa kidole. Risasi zote zilitolewa nje ya chumba cha kazi. Nilisukuma pini mbili nikaitenganisha sehemu ya juu na ya chini, nikatoa kibebeo na bolti yake pamoja na mkono wa kukokea. Kilichobaki mezani hakikuweza kufyatua chochote. Sianzi kazi ya nyundo na joto kabla ya kufika hapo, hata kama mwenye bunduki ananihakikishia kwamba ni tupu.

Kibebeo kikishatoka, unaweza kuchungulia risiva kutoka nyuma na kuona ncha ya bomba la gesi, lile jembamba linaloleta gesi kutoka kwenye bloku, ikiwa imechomoza ndani, juu kidogo ya mstari wa mtutu. Inapaswa kukaa katikati. Ya bunduki hii ilikuwa imeegemea kulia.

Bomba hilo linapita ndani ya tundu kwenye nati ya mtutu. Kama hendigadi ingekuwa inazunguka peke yake juu ya nati, bomba lisingeguswa. Bomba limehama, basi nati imezunguka pamoja na hendigadi. Kwa maneno mengine, ile minyongo yote haikuitenganisha hendigadi na nati hata kidogo. Ilikuwa inaifungua nati kutoka kwenye risiva na kulipinda bomba njiani.

Kutoka hapo nikaweka sharti la kwanza la kazi hii: hakuna kunyonga tena. Nguvu yoyote itakayotumika iwe ya kuvuta kwa mstari wa mtutu, kwenda mbele. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kuvuka kiungo cha hendigadi na risiva, na mwingine kwenye bomba la gesi mahali linapoonekana kupitia matundu ya hewa, ili chochote kikisogea nikijue mara moja.

Baada ya hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Ndani ya mpasuo niliona unga mweupe. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na mabaki yake ni unga mweupe kama huo. Nikaunganisha mvua, sponji na metali mbili, nikajiambia kwamba nimeshapata jibu. Nikadondosha mafuta ya kulegeza kutu kwenye mpasuo na kwenye matundu ya skrubu, nikaisimamisha mdomo juu ili yateremke kwenye nati, nikaiacha usiku kucha.

Unga mweupe ulikuwa wa kweli. Ila haukuwa ndio unaoishika hendigadi.

Siku ya pili: skrubu na masikio

Skrubu iliyoharibika ilikuwa na njia tatu za kuitoa. Ya kwanza ni kugongomea kwenye tundu lake ncha ya nyota iliyo kubwa kidogo na kuizungusha. Nilijaribu, ncha ikateleza. Ya pili ni kutoboa kwa biti inayozunguka kushoto, ambayo mara nyingine hung'ata skrubu na kuifungua yenyewe wakati inatoboa. Ndiyo niliyoichagua, kwa biti ya milimita 4, mwendo wa polepole na tone la mafuta. Ya tatu, kichomoa skrubu cha umbo la koni, sikutaka hata kuigusa. Ni chuma kigumu mno, na kikikatikia ndani ya skrubu ndogo kama hii huna tena cha kukitoboa.

Biti haikung'ata. Ilifika shingoni, kichwa kikakatika na kuanguka mezani. Masikio yalipumua, nikayaona kwa macho yakiachana kidogo. Nikafurahi kabla ya wakati.

Nilifunga risiva kwenye jiliwa ndani ya kibano cha plastiki chenye umbo lake, ili uvutaji wa kwenda mbele uwe na kitu cha kupingana nacho. Kuna rodi nzuri sana inayoingia kutoka nyuma na kushika meno ya mtutu, na kwa kufungua nati hakuna kifaa kinachoipita, lakini inazuia mzunguko tu. Ukivuta kwenda mbele inachomoka. Kisha nikaweka kipande cha mti kwenye ukingo wa tundu la hewa na kukigonga kwa nyundo kuelekea mdomoni.

Hakuna kilichosogea. Sauti yake ndiyo iliyonigutusha. Kitu kilichoshikwa na kutu au gundi hujibu kwa sauti nzito iliyofifia, lakini hiki kilijibu kwa mlio mkali wa chuma kugonga chuma. Nikaacha kugonga na kufikiri, na hapo nikakumbuka mfereji. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimeondoka, lakini kiwiliwili chake bado kilikuwa kimelala ndani ya mfereji wa nati. Kilikuwa pini timamu kabisa, na mimi nilikuwa naigongesha kwenye ukuta wa mfereji. Kama ningeendelea kwa hasira, ningevunja hendigadi au kuharibu nati.

Nilikitoboa kiwiliwili hadi kikawa ganda jembamba, nikakisukuma kwa pini ya shaba kikatokea upande wa pili. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima.

Sasa hapakuwa na skrubu hata moja, lakini hendigadi haikutoka.

Hatua iliyofuata ni mbinu ambayo mafundi wengi wanaijua: kulitanua bano kwa skrubu yake lenyewe. Unaingiza kipande chembamba cha chuma kwenye mpasuo, unafunga skrubu kutoka upande wenye hesi, upande usio wa kawaida yake, na inapokutana na kile kipande inalisukuma sikio la pili badala ya kulivuta. Nguvu unayoipata ni kubwa mno kuliko ya kutanua kwa bisibisi, tena haikwaruzi kitu.

Tatizo la nguvu kubwa ni kwamba mkono hauisikii. Robo ya kwanza ya mzunguko mpasuo ulifunguka, ya pili ukafunguka zaidi, hendigadi ikabaki pale pale. Nikaongeza nusu. Nikasikia mlio mdogo mkavu, na ufa ukaonekana kwenye shina la sikio la kulia.

Hilo ni kosa langu na si la mtu mwingine. Alumini ngumu kama hii haina uvumilivu mkubwa wa kupindwa, na mahali sikio linapokutana na bomba pana kona kali inayokusanya mkazo wote. Nilipaswa kusimama kwenye nusu ya kwanza na kujiuliza kwa nini mpasuo umefunguka na hendigadi bado inashikilia.

Lakini ufa ule ulinionyesha nisichokuwa nimekiona. Mpasuo ulipotanuka, mwanga wa tochi ulifika kwenye mgongo wa nati, na pale kwenye ukingo palikuwa na utando mwekundu, mgumu, unaomeguka kwa ncha ya sindano kama nta kavu. Ilikuwa gundi ya hesi, inayopakwa ili skrubu zisilegee, tena ile nyekundu ya kudumu. Aliyeifunga hendigadi alikuwa ameipaka kwenye mgongo wa nati wote kabla ya kuivisha.

Mafuta ya kulegeza kutu hayafanyi lolote kwa gundi iliyokwisha kukauka. Usiku mzima nilikuwa nimetibu ugonjwa usiokuwepo.

Uamuzi wa usiku

Nilimpigia simu mwenye bunduki, nikamweleza yote, pamoja na ufa. Nilimwambia kwamba hendigadi sasa ni ya kubadilishwa kwa vyovyote na kwamba gharama hiyo ni yangu. Kilichobaki kuamua ni namna ya kuitoa bila kugusa vitu viwili ambavyo hatukuwa tayari kuvipoteza: risiva na mtutu.

Njia mojawapo ilikuwa kuikata. Unachonga mfereji kwa diski ndogo upande ulio mkabala na mpasuo, unaacha unene mdogo, kisha unaupasua kwa patasi. Inawezekana, lakini bomba la gesi liko pale pale juu, na diski ikiteleza inakula nati.

Njia ya pili ilikuwa joto, nayo ina mgongano ambao watu wengi hawaujui. Gundi nyekundu hutengenezwa kuhimili kazi hadi takriban nyuzi 150 za Selsiasi, na watengenezaji hushauri kiungo kipashwe hadi karibu nyuzi 250 ili kifunguke. Lakini alumini ya 7075 hupata ile hali ya ugumu iitwayo T6 kwa kuokwa kwenye takriban nyuzi 120 kwa saa 24. Ukiipasha zaidi sana ya hapo unaendeleza uokaji ule kupita kiasi, na nguvu ya risiva inapungua bila kubadilika rangi wala umbo. Hakuna jicho litakalokuonyesha kwamba risiva imelainika. Ndiyo maana nilimshukuru mwenyewe kwa kuacha moto. Kwenye kiungo hiki mwali wa gesi unaweza kuondoka na risiva yenyewe.

Upande mwingine, fizikia ilikuwa pamoja nasi. Kwa kila nyuzi moja ya joto, alumini hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni, chuma takriban 12. Kwa kipenyo cha milimita 50 na ongezeko la nyuzi 100, hendigadi inatanuka kuliko nati kwa milimita 0.055 hivi. Ni kidogo, lakini ni kwa mzunguko wote, na utando wa gundi uliokwisha kulainika kiasi unavutwa kila upande kwa wakati mmoja.

Tukakubaliana, nami nikaandika kabla ya kuwasha chochote: raundi tatu za joto, risiva isizidi nyuzi 120 kwenye kipimo, na ikishindikana ya tatu tunakata. Niliandika kwa sababu najijua. Kitu kikianza kusogea nusu milimita, mkono unaomba nyuzi kumi zaidi, halafu kumi nyingine.

Siku ya tatu: joto

Saa mbili za asubuhi zilikwenda kwenye usafi. Mafuta niliyoyamwaga siku ya kwanza yalikuwa bado ndani, na mafuta hayo hushika moto. Niliyafuta kwa spiriti, nikapuliza hewa, nikaacha spiriti yenyewe ikauke kabisa, nikafungua madirisha. Mtu aliyetumia asetoni au mchanganyiko wake ana sababu kubwa zaidi ya kungoja, maana mvuke wake unawaka kwa urahisi mno.

Kipimo cha joto nilikibandika kwa utepe ndani ya risiva, karibu na hesi, kiguse metali yenyewe. Vile vipimo vya mwanga vinavyoelekezwa kwa mbali hudanganywa na chuma kinachong'aa, vikakupa namba ndogo kuliko ukweli. Nyuma ya mstari wa nati niliizungushia risiva kitambaa chenye maji ili inyonye joto. Nilitumia mashine ya kupulizia hewa ya moto, niliyoizungusha muda wote juu ya sentimita tano za nyuma za hendigadi bila kuiacha mahali pamoja.

Raundi ya kwanza: risiva ilifika nyuzi 95, hendigadi yenyewe ikiwa juu zaidi. Bano nililitanua robo tu. Nikagonga kwenye mti. Sauti ilikuwa nzito, ile niliyoitarajia tangu mwanzo. Mstari mweupe haukusogea. Nikaacha ipoe.

Raundi ya pili nilipasha haraka zaidi, kwa sababu nilitaka hendigadi iwe ya moto na nati ibaki nyuma yake. Joto likishaenea kote sawa, sehemu ya faida inapotea. Risiva ilipofika nyuzi 110 niligonga mara tatu. Kwenye pigo la tatu mstari mweupe ulikatika vipande viwili, milimita mbili zikiwa kati yake. Nikaangalia bomba la gesi. Alama yake ilikuwa pale pale. Nikagonga upande mmoja, kisha upande mwingine, polepole, na baada ya dakika chache hendigadi iliteleza juu ya bloku ya gesi na mdomo wa mtutu, ikawa mkononi mwangu, moto bado, huku nimevaa glavu.

Chini yake

Bloku ya gesi ilikuwa imelegea kwa skrubu zake zote mbili, imehama kando kiasi ambacho kingeonekana kwa jicho la mtoto. Kwenye mtutu hapakuwa na vidimbwi vya kupokea ncha za skrubu hizo. Zilikuwa zimeshikilia juu ya uso wa duara usio na shimo lolote na kutegemea bahati. Basi ndiyo iliyokuwa shida ya tangu mwanzo.

Bomba la gesi lilikuwa limepinda. Nati ilikuwa imezunguka kutoka mahali pake, kama ncha ya bomba ilivyoniambia siku ya kwanza, kwa hiyo ilibidi nayo ifunguliwe. Hapa ule mpangilio wa alumini, chuma, alumini unageuka kuwa kinyume. Kwenye kiungo cha nati na risiva, alumini iko ndani na chuma kiko nje. Ukikipasha, risiva inatanuka kuliko nati na kuzidi kujikaza kwenye hesi. Mtu aliyetoka kufaulu kwa joto dakika tano zilizopita atashawishika kuendelea na joto hilo hilo, na atajifungia mwenyewe. Nilisubiri hadi kesho yake asubuhi, metali ikiwa baridi. Nikaweka ile rodi kwenye jiliwa, nati ikafunguka kwa spana bila mapambano. Hesi za risiva zilikuwa salama.

Kufunga upya kulikwenda haraka. Niliweka grisi ya molibdenamu kwenye hesi, si ya grafiti, kwa sababu grafiti ikikaa kati ya alumini na chuma inachochea ule ulikaji wa unga mweupe. Nati niliikaza na kuilegeza mara tatu kwa nguvu ya kukaza ya niutonimita 41, kisha nikaikaza mara ya mwisho hadi tundu la bomba likakaa sawa, mbali na kikomo cha niutonimita 108. Nilichimba kidimbwi kidogo kwenye mtutu kwa ajili ya skrubu ya bloku, nikaweka bomba jipya la gesi. Kibebeo kisicho na bolti kilipoteleza mbele na nyuma bila kukwaruza ncha ya bomba, nilijua kazi ya ndani imekwisha.

Matokeo

Kwenye uwanja wa shabaha tulianza na risasi moja moja kwenye magazini, mara tano. Kila mara bolti ilirudi nyuma na kubaki imefunguka, na hicho ndicho kipimo chepesi na cha kuaminika zaidi kwamba gesi inatosha. Kisha risasi 40 mfululizo bila ganda hata moja kukwama. Saiti ya mbele ilikuwa imefungwa juu ya hendigadi, kwa hiyo bunduki ilihitaji kulengeshwa upya kabisa, jambo ambalo nilisahau kumwambia mapema na lilimlia nusu ya siku.

Vilivyopotea ni hendigadi, bomba la gesi, skrubu mbili na siku tatu. Risiva, nati na mtutu vilisalimika.

Uchambuzi

Kitendo kilichookoa bunduki hii kilitokea katika dakika kumi za mwanzo, nacho ni kuchungulia ncha ya bomba la gesi kutoka nyuma. Bila hicho ningeweza kabisa kuifunga rodi kwenye jiliwa, kuizungushia hendigadi spana ya mkanda na kuinyonga, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya na kitu cha duara kilichokwama. Nati ingeendelea kuzunguka na bomba lingekatika ndani ya bloku. Tena pini ndogo ya mtutu inayokaa kwenye mkato wa risiva ingeanza kuutanua mkato huo, na hasara hiyo haina dawa. Kila anayeifanya kazi hii aangalie hapo kwanza, halafu aangalie tena baada ya kila jaribio.

Kikomo cha joto kilichoandikwa pia kilifanya kazi yake. Kwenye raundi ya kwanza, iliposhindikana kwenye nyuzi 95, nilikuwa na hoja nzuri sana kichwani ya kuendelea hadi 140. Karatasi ilikuwa mbele yangu.

Kuhusu mafuta, nimejiuliza kama yalikuwa kosa au bahati mbaya. Naona ni kosa. Unga mweupe ulionekana kwenye mpasuo, sehemu iliyo wazi kwa mvua, na ulieleza kilichotokea hapo tu. Mimi niliufanya ueleze na mgongo wa nati, sehemu ambayo sikuwa nimeiona. Laiti ningelitanua bano robo mzunguko siku ile ile na kumulika ndani, utando mwekundu ungejionyesha na hendigadi ingetoka nzima. Badala yake niliweka mafuta yaliyonilazimu kutumia saa mbili kuyaondoa.

Kosa la kiwiliwili cha skrubu lina chanzo kingine. Nilikuwa naujua mfereji. Nimeueleza mwenyewe hapo juu kwenye usuli. Lakini akilini mwangu skrubu iliyokatika kichwa ilikuwa tayari imehesabiwa kuwa imetoka, kwa sababu bano lilikuwa limelegea. Skrubu ile ilikuwa na kazi mbili, na mimi nilikuwa nimeiondolea moja.

Na kuna simu ambayo sikupiga. Wiki moja baadaye mwenye bunduki alimtafuta aliyemuuzia, akamuuliza. Jibu lilikuwa jepesi: hendigadi ilikuwa inateleza mbele kidogo kidogo, akaipaka gundi nyekundu kila mahali ili isisogee tena. Aliikumbuka hata rangi ya chupa. Siku ya kwanza niliuliza nini kimefanywa kuitoa, kwa undani kabisa, na sikuuliza hata mara moja nani anaweza kujua ilivyofungwa. Sasa swali hilo liko juu ya fomu yangu ya mapokezi, kabla ya jina la tatizo.

Kuhusu kule kuteleza kwenyewe, nilipima nati ile ile kabla ya kuvisha hendigadi mpya. Mgongo wake ulikuwa na grisi ya zamani chini ya gundi. Hendigadi ya bano inashika kwa msuguano, na juu ya grisi haiwezi kushika, hata ukikaza skrubu mpaka hesi zilie. Niliisafisha nati kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe, nikaivisha hendigadi ikiwa kavu, nikaweka tone moja la gundi ya buluu, ile inayofunguka kwa spana, kwenye kila skrubu, na kwenye kasha jipya lisilo na sponji nikabandika kijikaratasi: tarehe, aina ya gundi na mahali ilipo, kipimo cha tundu la skrubu ni inchi 9/64, nati ni kavu kwa makusudi.